Jiwe Likilowa Halisemi

Dada yangu hakuwa na alama za vidole. Sitanii. Siku aliyokwenda kuandikishwa kitambulisho, karani alimbonyeza kidole kwenye kile kimashine mara saba, na mara saba kimashine kikagoma. Gumba, shahada, mkono wa kulia, wa kushoto, wapi! Karani akamkazia macho. "Mama, kwani wewe unafanya kazi gani?" Dada akacheka, akamwonyesha viganja vyake: laini, vinang'aa, ile mistari ambayo kila binadamu huzaliwa nayo imeliwa yote. "Nasugua mawe," akasema. Watu wa kwenye foleni wakadakia: huyu akiiba benki nani atamkamata? Naye akawajibu, "Nitaibaje na mikono inayoteleza hivi? Pesa zote zitaniponyoka mlangoni."

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Mtaani hakuna aliyemwita vingine ila Mama Msasa. Mume wake, shemeji yangu, ni mchongaji wa mawe, na yeye huitwa Fundi, basi. Fundi alishika nyundo na patasi, akatoa simba, akatoa ng'ombe aliyelala, akatoa mzee anayefunga kamba za viatu. Lakini jiwe likitoka mikononi mwake lilikuwa na makovu mwili mzima. Hapo ndipo dada alipoingia na msasa. Alianza na ule unaokwaruza, akaja wa wastani, akamalizia na ule laini ambao ukiupapasa huwezi kujua upande upi ndio wenyewe. Siku nne, siku saba, hata kumi, mpaka ng'ombe yule akang'aa mgongoni. Watu wakipita wanapapasa na kusema, "Fundi ana mikono huyu!" Mikono ya nani? Haya, nisamehewe. Nikifika hapo huwa napandwa na hasira, na safari hii nimejiapia kusimulia kwa utaratibu.

Sanamu hizo zote ziko kwenye bustani nyuma ya soko. Zamani pale palikuwa jaa. Wachongaji wa mtaa wetu na wenzao wa kuchomelea vyuma waliamua kupasafisha. Kuondoa takataka kulichukua miezi minne, harufu ikabaki mwaka mzima. Kila mmoja akaweka kazi yake. Leo zipo sanamu thelathini na ushei: yupo twiga wa minyororo ya baiskeli, yupo bwana wa saruji anayesoma gazeti, ambaye ndege wamemfanya choo, na wapo wale watano wa shemeji yangu, mawe ya kijivu, karibu na bomba la maji. Viti vya kukalia vipo, kivuli kipo, wachumba wanakuja kupigana picha. Bustani haina kiingilio wala mwenyewe. Ina kamati tu, na kamati ina Mwenyekiti, na Mwenyekiti ana maneno.

Ina pia desturi moja, na hiyo mniwekee akilini. Sanamu ya jiwe haivuki lango mpaka igongwe. Miaka ya mwanzo sanamu moja ilipasuka yenyewe, kipande kikamwangukia mwanamke mmoja mguuni, vidole viwili vikaenda. Tangu hapo, siku ya mapokezi, ambayo ni Jumamosi moja tu kwa mwaka, mchongaji mkongwe kuliko wote huketi langoni na kinyundo kidogo. Sanamu ikiletwa anaigonga kichwani, kifuani, kiunoni, na umati mzima unanyamaza kimya. Jiwe zima hulia, mlio mwembamba unaokaa hewani kidogo. Jiwe lenye ufa ndani hujibu bwi! Likijibu bwi linarudi lilikotoka, hata kama umelichonga mwaka mzima, hata kama Mwenyekiti ni baba yako mzazi.

Shemeji yangu ndiye aliyekuwa na sikio la kazi hiyo kuliko wote. Wenzake walimbeba mpaka machimboni awachagulie mawe. Ungemwona anagonga, amefumba macho, mdomo umeachama kidogo, halafu anasema, "Hili hapana," na kwa macho jiwe lile halina hata mstari. Wakilipasua, ufa huo! "Mawe yanasema, shemeji," aliwahi kuniambia. "Ila lazima yawe makavu. Jiwe likilowa halisemi." Basi yeye alikata kavu. Wachongaji wengine humwagia jiwe maji wakati wa kuchonga. Yeye maji hakutaka hata kuyaona karibu. Msasa nao ulikuwa mkavu, maana jiwe bichi huficha mikwaruzo, likikauka linakuumbua mbele za watu. Ndivyo alivyomfundisha mke wake.

Wakafanya kazi kavu miaka ishirini na miwili, uani kwao, chini ya paa la mabati, hatua sita kutoka dirisha la chumba chao cha kulala. Vikombe vya nyumba ile viliwekwa kifudifudi daima. Ukiandaliwa chai unywe upesi, la sivyo inaota ngozi ya kijivu. Mimi ni fundi cherehani, na nguo za dada nilizitambua kwa sindano zilizonikatikia, kwa jinsi mishono ilivyojaa unga wa jiwe. Kila jioni yeye ndiye aliyefagia. Anafagia, anakohoa, anacheka, anasema hilo vumbi ni simba anayekataa kuondoka. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya watu wawili na mawe.

Kikohozi kilikaa miaka mitatu kikiitwa mafua. Mwaka wa nne dada akaanza kupumzika katikati ya sentensi. Anaanza neno, anasimama, anavuta pumzi, anamalizia. Nikamshika mkono nikampeleka hospitali, na shemeji akatufuata nyuma na fulana yake ya kazini.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mpole. Alimvua dada blauzi, akaweka kidole kimoja mgongoni na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili. Juu, karibu na bega, kifua kiliitikia. Akashuka kidogo, akagonga. Akashuka tena. Nikamtazama shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefumba macho, mdomo umeachama. Daktari akagonga chini ya mbavu, na hata mimi nisiyejua mawe nikasikia bwi. Shemeji akatoka nje bila kuaga, akaketi sakafuni kwenye korido, na picha ya kifua ilikuwa haijapigwa bado.

Picha ilipokuja, mapafu yalikuwa na mawingu meupe. "Yamekuwa magumu," daktari akasema. "Ni vumbi la mawe. Hili linaloonekana si baya sana, ukilikohoa linatoka. Baya ni lile laini lisiloonekana, la kusugua." Nikauliza dawa. Akasema ya kupunguza kikohozi ipo, ya kuyarudisha mapafu haipo, na vumbi asilisogelee tena hata dakika moja. "Wenzenu wanaomwagia jiwe maji huwa na nafuu," akaongeza. Nikauliza muda. Akanitazama kwa huruma, akasema ni miezi, na kwamba hapendi kumdanganya mtu.

Nilimwendea shemeji palepale kwenye korido. Sikujali wagonjwa wala wauguzi. "Ishirini na miwili!" nikamwambia. "Miaka ishirini na miwili unamlisha mawe dada yangu, kwa sababu unataka kuyasikia yanasema! Haya, yamesema! Umeyasikia?" Alikuwa anaangalia mikono yake. Dada alitoka akijifunga vifungo, akasema, "Mdogo wangu, punguza sauti, wewe si kengele." Tukaondoka.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Katika miaka yote hiyo, shemeji alichonga wake wa watu, mama za watu, hata mbwa wa jirani, lakini mke wake hakumchonga. Dada aliwahi kumwuliza kwa utani, "Na mimi zamu yangu lini?" Akamjibu, "Wewe nakuona kila siku, nikuchonge wa nini?" Dada akacheka, na akanisimulia akiwa bado anacheka, lakini alinisimulia mara tatu.

Jioni ile tuliporudi kutoka hospitali, hakucheka. Aliketi kitandani, akamwita mume wake, akasema taratibu, pumzi kwa pumzi, "Nichonge. Nataka niingie bustanini. Nataka siku ya mapokezi niwe nimekaa pale langoni, macho yangu haya haya, nilisikie jiwe langu linagongwa." Siku ya mapokezi ilikuwa imebakiza wiki tisa.

Nikasema sawa, achongwe, lakini yeye aje kukaa kwangu, mbali na ule uwanja wa vumbi. Chumba changu ni kimoja, ila kitanda kipana. Akakataa katakata. "Nisipokuwepo mbele yake atamchonga nani? Atamchonga yule msichana aliyemwoa. Huyo simtaki, alikuwa mjinga." Nikambembeleza, nikamfokea, nikalia. Wapi! Akishaamua jambo, dada yangu alikuwa mgumu kuliko hayo mawe yake.

Hapo ndipo nilipowasha moto, na moto wenyewe ulikuwa wa maji. Nikamwambia shemeji, "Kama anakaa hapa, utachonga kwa maji. Ndivyo alivyosema daktari." Akatikisa kichwa. Akasema kwa maji hatalisikia jiwe. Akasema jiwe alilonalo ni zuri lakini hajalimaliza kulisoma, na kwamba mawe ya machimbo yale yana mishipa inayojificha, na tope la kuchonga likikauka juu yake linaziba kila kitu. Nikamkatiza. "Lisiseme! Jiwe ni jiwe. Mimi nataka dada yangu ndiye aseme." Dada akaanza kukohoa chumbani. Kikohozi kile kilikuwa kirefu, na kilipoisha kukawa na kimya kibaya. Shemeji akasema, "Haya. Lete maji."

Nikaleta ndoo yangu mwenyewe. Ya bluu, yenye mpini wa waya, ile ninayolowekea vitambaa kabla ya kukata. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani nilikuwa pale, nateka, namwagia jiwe, yeye anapiga patasi, mimi namwagia. Vumbi likawa tope. Lilichuruzika mpaka kwenye mfereji, zito na la kijivu, na hewa ya uani ikawa safi kwa mara ya kwanza tangu nimeijua. Dada alikaa kwenye kiti cha mbao na mto mgongoni, blanketi mapajani. Alisema, "Kumbe nyumba yetu ina harufu nyingine." Nilijiona mshindi. Nasema ukweli, nilimtazama shemeji kwa dharau, nikijisemea, umeona ilivyokuwa rahisi?

Alimchonga akiwa ameketi, mikono juu ya mapaja, viganja vimetazama juu. Alianza na viganja. Wiki za mwanzo alijiwekea utaratibu: siku moja anachonga kwa maji, siku mbili anaacha jiwe likauke, halafu analigonga kila mahali kabla ya kuendelea. Liliitika vizuri. Mikono ikatoka, mabega yakatoka, lile bega la kulia lililoshuka kidogo kwa sababu ya kusugua. Uso aliuacha wa mwisho. Dada alimchokoza, "Unaogopa sura yangu?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Naogopa ulimi wako, utaanza kunikosoa kabla sijaumaliza." Walikuwa hivyo, wale wawili. Niliwaonea wivu.

Wiki ya sita dada akaanza kushindwa kufika chooni bila kupumzika mara mbili njiani. Midomo yake ikapata rangi ya bluu. Nikafanya hesabu ya siku kichwani, na kila siku mbili za kukausha zilikuwa zinanichoma. Nikamwambia shemeji, "Unakaa siku mbili unangoja jiwe likauke, na mwenzako pumzi inakauka. Chonga!" Akasema, "Shemeji, hapa pa uso ndipo penye mashaka. Lazima nilisikie." Nikasema, "Umelisikia mabegani, umelisikia kifuani, linaitika. Kichwa ni jiwe lilelile. Chonga mtu aione sura yake akiwa hai!" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ndiye aliyenisikia mimi. Aliinama, akashika patasi. Nikamwaga maji.

Siku nne alifanya kazi mfululizo, jiwe halijakauka hata mara moja. Na jamani, uso ulitoka! Paji lile pana, kope nzito, kona ya mdomo inayopanda upande mmoja anapotaka kusema utani. Nilisimama na ndoo mkononi nikasahau kumwaga. Dada aliutazama muda mrefu. Akasema, "Huyo ndiye mimi." Kisha akamwambia mume wake, "Kumbe ulikuwa unaniona."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limeshachoma mabati. Zilibaki kazi ndogo ndogo chini ya sikio. Alipiga patasi kidogo sana, pigo la mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Hakukuwa na kishindo. Jiwe lilitoa sauti ya kitambaa kinapochanika, nami najua sauti hiyo, na upande wote wa kushoto wa uso, kuanzia juu ya jicho mpaka kidevu, ukateleza polepole juu ya tope na kuanguka kwenye ndoo yangu. Ndani ya ndoo, nawaambia. Maji yakaniruka mpaka kifuani.

Kwenye jeraha la jiwe palikuwa na mstari wa rangi ya kutu, mwembamba, umepita ndani kwa ndani. Lingekuwa kavu, angeligonga, angelisikia, angelikwepa mstari ule kwa kugeuza kichwa kidogo tu. Hakuniambia hivyo. Aliweka patasi chini, akaweka nyundo juu yake, akaingia chumbani akalala akitazama ukuta.

Mwenyekiti wa kamati alifika saa ileile, maana habari mbaya haina breki. Akatazama, akashika kiuno, akasema, "Poleni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Nilivua kiatu nimrushie. Alitoka mbio na heshima zake zote.

Nilibaki na dada. Nilitarajia atalia. Mimi ndiye niliyelia, nimepiga magoti kwenye tope, nasema nisamehe, nisamehe. Akasema, "Nisogeze." Nikamsogeza na kiti chake mpaka kwenye jiwe. Akalipapasa jeraha kwa vile vidole vyake visivyo na alama. "Jicho moja limebaki," akasema. "Sikio limebaki. Mdomo nusu, si haba, wewe mwenyewe husema naongea sana." Halafu akasema, "Nipe msasa."

Nilijua. Hakuna wa kuja kuniambia kwamba sikujua. Daktari alisema hata dakika moja. Nikamwambia basi nilete maji, usugue kwa maji. Akatikisa kichwa. "Nikilowesha sioni mikwaruzo. Siwezi kuingia bustanini na mikwaruzo, mimi." Akanyoosha mkono. Nikamtazama, alikuwa amevuta pumzi kubwa ya kusema maneno yale na sasa anaisubiri nyingine, na macho yake yalikuwa yananiomba. Katika maisha yetu yote dada yangu hajawahi kuniomba kitu. Msasa ulikuwa kwenye kopo juu ya dirisha. Nikauchukua. Nikampa.

Alisugua siku sita. Nilimfunga kitambaa puani, akakishusha, nikakifunga tena, akakishusha. Alianza na msasa mkali, dakika mbili kazi, dakika kumi kupumzika. Shemeji alikuwa hatoki chumbani. Dirisha lilikuwa wazi na alisikia kila kitu, ule mlio wa sss, sss, na kikohozi, na sss tena. Siku ya tatu alitoka amebadilika sura. Akamwambia mke wake, "Acha." Dada akasema, "Mimi nimewahi kukuambia acha?" Akasimama pale, mikono inaning'inia. Kisha akaketi chini, akamshikia kiti kisiyumbe. Siku zilizobaki alikaa hivyo hivyo, amekumbatia miguu ya kiti, vumbi jeupe linamdondokea kichwani.

Jeraha lile likawa laini. Halikuwa uso, halikuwa kitu, lilikuwa bapa la jiwe linalong'aa, na ule mstari wa kutu ukipita pembeni. Siku ya sita dada alilipitishia kiganja, akakunja msasa mara mbili, akauweka mfukoni. Akasema amechoka.

Hakuamka vizuri tena. Alikaa wiki moja kitandani, tukimwinua na mito, na mwisho hata maji ya kijiko yalimchosha. Alifariki Jumanne asubuhi, soko linafunguliwa, mimi nimemshika mkono wa kushoto na mume wake wa kulia. Siku ya mapokezi ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Tulimzika. Nilipofua ile blauzi yake ya mwisho niliukuta ule msasa mfukoni, nikaurudisha palepale.

Shemeji hakutaka kuipeleka sanamu. Mimi ndiye niliyesema itakwenda. Wanaume wanane waliibeba kwa magogo mpaka langoni, na watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Yule mchongaji mkongwe alisimama badala ya kukaa. Alitazama lile bapa, akamtazama Fundi, akainua kinyundo. Watu wakanyamaza.

Akagonga kichwani. Jiwe likalia.

Jamani, lililia! Mlio mwembamba, mrefu, safi, ukapanda ukakaa juu ya vichwa vyetu. Akagonga kifuani, likalia. Akagonga kiunoni, likalia. Sehemu mbovu ilikuwa imeshaanguka yote. Kilichobaki kilikuwa kizima. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akatoa hotuba, akasema Fundi amekusudia kutuonyesha jinsi mwanamke anavyofutika katika jamii, na wageni wakaandika kwenye vidaftari vyao. Sikuwa na nguvu ya kuvua kiatu. Nilitaka kifua chake ndicho kilie vile. Nilitaka daktari agonge chini ya mbavu zile na kisikike kitu. Niliondoka kabla hawajaipandisha kwenye msingi wake.

Sasa nimemlaumu shemeji yangu miaka mingi, na bado namlaumu, ishirini na miwili si mchezo. Lakini wiki moja baada ya mapokezi alikuja kwangu. Nilikuwa kwenye cherehani. Alisimama mlangoni, hakuingia, na mkononi alikuwa na ile ndoo ya bluu. Alikuwa ameiosha. Tope la jiwe likishakauka kwenye plastiki halitoki kwa maji, lazima ulisugue, na alikuwa amelisugua lote, ndani na nje, mpaka chini ya mpini, ikawa mpya kuliko siku niliyoinunua.

"Ndoo yako, shemeji," akasema.

Nikatafuta usoni mwake kama ananihukumu. Sikuona kitu. Alikuwa mtu anayerudisha ndoo ya watu. Ningemwambia nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na yale nilimwaga mimi, kila asubuhi, kwa mikono yangu, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilitaka kumshinda yeye. Msasa nao nilitoa mimi.

"Ahsante, shemeji," nikasema. "Iweke tu hapo."

Akaiweka kando ya mlango, akaenda zake. Vitambaa siku hizi nalowekea kwenye beseni.